Mwalimu Aliyewapeleka Wanafunzi Mwaloni

Juma lililopita tulimzika huko Kisesa mwanamke mmoja, mwalimu wa chuo, ambaye wengi hapa Mwanza watamkumbuka kwa ukali wake na kwa mwendo wake wa haraka. Presha ilimwangusha darasani, na hakuamka tena. Hatukuwa marafiki; nilimfahamu kupitia kazi hii ya uandishi. Hata hivyo, tangu nipate habari za kifo chake nimekosa utulivu.

Wazazi walipoanza kutakiwa kuchangia gharama za masomo, yeye alihangaika akapata wafadhili wa kuwalipia ada vijana wenye akili ambao kwao hakuna uwezo. Sharti lilikuwa kwamba kila Jumamosi wakawahudumie watu. Aliamini kiongozi hafunzwi kwa hotuba. Wakati huo viwanda vya minofu ya samaki vilikuwa vinafunguliwa kandokando ya ziwa, na watu walimiminika kwenye mialo, kule wanakoshushia samaki, wakalala katika vibanda visivyo na choo. Kipindupindu kilipozuka kwenye mwalo mmoja upande wa Kigongo, aliwachukua wanafunzi wake wakachimbe vyoo na kuwahimiza watu wachemshe maji. Binti mmoja wa Kihaya, aliyekuwa kiongozi wa wenzake, akaugua hukohuko.

Nilikuwa hospitalini kutafuta habari baba yake alipofika kutoka Bukoba. Mwalimu alisimama akamwamkia shikamoo. Mzee aliitikia bila kumtazama, akaenda kwanza kumshika bintiye mkono, kisha akauliza ni nani aliyemtuma mtoto wake kule.

"Sikumlazimisha, mzee," mwalimu alisema. "Niliwauliza wote, naye akakubali."

"Mwalimu, mtoto unayemlipia ada atakukatalia vipi?"

Mwalimu alirudi kukaa kwenye benchi la ukutani.

Binti alipona. Wafadhili waliposikia yaliyotokea waliogopa, wakaagiza safari za mwaloni zikome na vijana wapelekwe semina za uongozi hotelini na watunukiwe vyeti. Mwalimu alikubali ili wasikose ada. Jumamosi aliendelea kwenda mwaloni, lakini peke yake, na hakumwomba mwanafunzi yeyote amfuate. Vijana walizipenda semina, wala siwalaumu. Kila mtu siku hizo alikuwa anatafuta pa kutokea, na cheti kilifungua milango ambayo jembe halikuifungua.

Mazishini vijana wa semina walizungumza vizuri sana. Binti yule, ambaye sasa naye ni mwalimu, hakuzungumza. Nilimfuata pembeni nikamwuliza kama aliwahi kumlaumu marehemu. Alisema alimkasirikia kwa muda mrefu, na baba yake mpaka leo hataki kulisikia jina la mwalimu huyo.

"Nilipoanza kupokea mshahara wangu mwenyewe, nilimfuata mwaloni," aliniambia. "Safari hiyo ningeweza kukataa."

Nimeyatafakari maneno hayo juma zima. Nchi yetu inazidi kuzalisha viongozi wa hotelini, wasiojua harufu ya vibanda vya watu wanaotaka kuwaongoza, na hilo linanitisha. Lakini linanitisha pia jinsi sisi wenye nia njema tunavyowaita watu wajitolee hali tumeshika chakula chao mkononi. Anayetaka kumfundisha kijana kutumikia wengine amwachie kwanza uhuru wa kusema hapana, kisha atangulie yeye, hata kama akigeuka nyuma hataona mtu.