Swichi ya Resi na Mguu wa Baba

Pikapu yangu ni ya dizeli, ni kuukuu, na asubuhi inakohoa muda mrefu kabla ya kukubali kuwaka. Ninaitumia kuuza maji. Sisi wa Newala tuko juu, maji yako bondeni, na aliyeamua mji ukae hapa nina hakika hakuwahi kufua nguo zake mwenyewe. Nyuma nimefunga tangi, na mbele kuna pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Nikifika kwa mteja natandaza mpira, napanda ngazi, na maji yanasukumwa mpaka kwenye tangi lake la juu ya mnara.

Yanasukumwa ikiwa tu kuna mtu wa kukanyaga mafuta. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma yenyewe bila kukanyagwa, pampu inazunguka kivivu na maji yanaishia katikati ya mpira. Lazima resi, kasi ya injini, zipande na zibaki hapo hapo mpaka tangi lijae. Nilijaribu kuweka tofali kwenye pedeli. Likakandamiza mpaka chini, injini ikapiga yowe, mpira ukachomoka na kumwogesha mama mmoja aliyekwishavaa nguo za kanisani. Nikajaribu kijiti cha kubana kati ya pedeli na kiti. Baba yangu alikitazama, akasema gari si mtego wa panya, akaingia, akakaa kwenye usukani na kukanyaga mwenyewe. Ndivyo alivyopata kazi.

Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mtu wa kanisa tangu babu yake alipobatizwa misheni, habari ambayo hakuna mgeni anayeondoka kwetu bila kuisikia. Nusu ya Newala aliifundisha kusoma, nusu nyingine aliichapa. Kila asubuhi alipiga pasi shati, akalivaa, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni, tukaenda kukanyaga pedeli.

Aliifanya kazi kwa mtindo wake. Mshale wa resi kwenye dashibodi ulikufa zamani, kwa hiyo alipima kwa kuimba, na mguu ukafuata wimbo. Kipindi cha Krismasi maji yalipanda mpaka yakafurika. Kwaresma ilipoingia akaanza zile nyimbo za kujuta zinazoburuta, resi zikashuka, na wateja wakalalamika kwamba wanasubiri kutwa nzima. Nilimwomba aimbe walau za Krismasi. Akasema hawezi kumdanganya Mungu kwa ajili ya pampu.

Halafu kulikuwa na wageni. Akikaa pale na dirisha wazi, wanafunzi wake wa zamani, sasa watu wenye mvi na wajukuu, walikuja mmoja mmoja kumwamkia. Shikamoo Mwalimu, marahaba, za nyumbani. Wakamletea karanga, korosho za kukaanga na kesi za ndoa. Kesi ikinoga, mguu unasahau na maji yanakata. Mimi niko juu ya ngazi nimekumbatia mpira, naita mpaka sauti inakauka, na yeye ananiashiria kwa mkono ningoje mgeni wake amalize kujieleza.

Kisha goti lake likaanza kuvimba. Akishuka garini alikuwa anaushikilia mlango muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Niliumia. Na kusema kweli, zile kesi za ndoa zilikuwa zimenifika shingoni. Nikaamua kufunga swichi ya kushikilia resi.

Nikateremka Masasi kwa fundi wangu wa Lisekese, mtu anayeongea na magari na kuwanunia wenye magari. Akanieleza kwamba pikapu za aina yangu, zile zilizokuja na kiyoyozi, zina kikombe kidogo chenye utando wa mpira ndani yake. Kiyoyozi kikiwashwa, kikombe kinavuta kidogo mkono wa pampu ya dizeli ili injini isilemewe. Yangu haikuzaliwa na kiyoyozi, ina dirisha. Akakichomoa kikombe kwenye gari lililokufa nyuma ya banda lake, akakifunga kwenye langu, akapitisha waya na fyuzi hadi dashibodi, akaweka swichi nyekundu kubwa kuliko nilivyotaka. Tukatega masikio huku akikaza skrubu kidogo kidogo, mpaka resi zikatulia pale pampu inapopenda. Sharti lake lilikuwa moja: gia itolewe na handibreki ivutwe kabla ya kubonyeza, la sivyo nisimtafute. Nilicheka peke yangu mlima mzima wa kurudi Newala.

Nyumbani nikamwonyesha baba. Akaibonyeza, akasikiliza, akaizima, akaibonyeza tena. Akasema ni kazi nzuri. Nikamwambia sasa apumzishe goti. Akanishukuru, akaingia ndani, nami nikajiona mtoto mwema kuliko wote tarafani.

Matangi yakawa yanajaa upesi, Kwaresma au siyo Kwaresma. Lakini kila niliposimama, swali lilikuwa lile lile: Mwalimu yuko wapi? Nikawajibu yuko nyumbani, goti linamsumbua. Habari za Newala hazihitaji dizeli. Sokoni goti likawa mguu mzima, na zilipofika Makote mguu ulikuwa umekwishakatwa.

Basi asubuhi moja akaja mzee mmoja wa Makote, mtani wa baba. Watani wana ruhusa ya kutukana hata msibani, na huyu alikuwa hajawahi kuiacha ruhusa yake ilale. Alishuka kwenye bodaboda na jembe begani, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kaburi lichimbwe upande gani, na kama marehemu angependa kuzikwa na mguu wake au bila. Siku zote baba angemjibu mpaka mwenzake ajute kuzaliwa. Safari hii alitabasamu kidogo tu, akamwambia karibu, kaa.

Mtani akalishusha jembe taratibu. Akamtazama baba, aliyekuwa na fulana tu na hajanyoa ndevu ilhali jua lilikuwa juu. Kisha akanitazama mimi. Akanywa chai yake na kuondoka bila tusi hata moja, na hapo ndipo nilipoogopa. Si kwamba nilikiona kifo. Nilichokiona ni kwamba baba yangu amekaa nyumbani kama mtu asiyesubiriwa popote, na aliyemweka hapo ni mimi na kikombe changu cha kiyoyozi.

Kesho yake, kabla sijatoka, nikamfuata barazani nikiwa nimejipangia uongo wangu.

"Baba, ile swichi imegoma."

"Imegoma vipi?"

"Nadhani fyuzi imeungua."

Akalikanda goti lake.

"Nimeisikia sasa hivi ulipokuwa unaijaribu," akasema. "Inafanya kazi vizuri kuliko mimi. Usinidanganye, mama. Kama unanitaka, niombe."

Nilisimama pale na funguo mkononi, mwanamke mzima anayegombana na madereva wa malori kila siku. Nilikuwa nimemwomba baba yangu mambo mengi, ada, radhi, hata nyimbo za Krismasi. Hili sikuwa nimewahi kumwomba.

"Baba," nikasema, "naomba twende wote."

Akaniambia nimsubiri anyoe ndevu.