Apoline na Heshima ya Kukaa

Asubuhi ya mwisho iliyofanana na nyingine, Apoline alikaa mkekani barazani, pale Muyama, akichambua maharage. Mumewe Bazilio akatoka jikoni na bakuli la uji.

"Mwakeye, Mama Nkunzimana."

"Mwakeye. Uji umepika wewe? Una madonge kama tope la Munanila."

"Kunywa tu. Madonge nayo ni chakula."

Alicheka, akalishika bakuli kwa mikono miwili, maana mmoja haukuliweza tena. Bazilio aliona.

Huyu ndiye mwanamke aliyebeba debe la maharage kichwani na mtoto mgongoni hadi mnadani, na akifika anauliza kama kuna kingine cha kubeba. Shamba lote la bondeni alilifyeka yeye. Nkunzimana, mwanawe, alipooa, mambo yakaenda kama ukoo wao ulivyozoea: mkwe, Consolée, akapiga magoti mbele ya wageni na kupokea jembe la mama mkwe. Tangu hapo mama hagusi udongo. Mwenye mkwe wa kumlimia hukaa, watu wamwone amekaa.

Akakaa miaka sita. Mikono ilitangulia kuisha, yakafuata mapaja. Kitenge kilichomzunguka mara moja kikawa kinamzunguka mara mbili. Halafu miguu ikanenepa, nyumba nzima ikafurahi.

"Mama sasa ananawiri," Consolée akasema.

Hata Bazilio alitamba kilabuni kwamba mkewe ana miguu ya mke wa mbunge. Kumbe yalikuwa maji.

Waliambiwa hospitalini Kasulu, alipoanza kulala ameketi kwa kukosa pumzi. Daktari Mudathiri alimwambia ainuke kitini bila kushika kitu. Alijaribu mara tatu. Hakuinuka.

"Mzee," daktari akamgeukia Bazilio, "moyo wake umechoka, hausukumi damu sawasawa. Huo uvimbe wa miguu ni maji. Na misuli ya mapaja na mikono imekwisha. Kipi kilianza, siwezi kukwambia, ila vinaumizana. Moyo ukichoka, misuli inanyauka. Misuli ikinyauka, hata kwenda chooni ni mzigo kwa moyo. Dawa anywe. Ale maharage, dagaa, mayai. Na atembee kidogo kidogo, afanye kazi nyepesi kwa kadiri ya pumzi yake. Msimkalishe tu."

Njiani Apoline akasema, "Umesikia? Nirudishie jembe. Hata lile dogo, nipalilie mboga hapo mlangoni."

"Watu watasema Bazilio anamlimisha mgonjwa."

"Waseme."

"Na Consolée ataitwa mvivu."

"Baba Nkunzimana, mimi nakufa, wewe unaogopa majirani?"

Nyumbani, dawa Bazilio alimpa kwa saa zake. Mayai alimchemshia mwenyewe. Majembe aliyoweza kuyafikia mkewe, kubwa na dogo, aliyapandisha darini. Mkewe akijivuta kuinuka, alimwambia, "Kaa, mama, kaa." Alidhani hayo ndiyo mapenzi.

Siku iliyofuata ile asubuhi ya uji, pumzi ikambana. Wanaume wanne, Bazilio akiwa mmoja wao, wakamlaza kwenye machela ya miti, wakashika njia ya kwenda kutafuta gari barabarani. Bazilio alishika mti wa mbele ingawa wenzake walimkataza. Mzigo haukuwa mzito. Ulikuwa mwepesi mno, mpaka mmoja wao akageuka nyuma kutazama kama mama bado yumo.

Hakufika barabarani akiwa hai. Lakini walipomaliza mteremko, alikuwa bado na sauti, na aliitumia. Walipomsikia, wale watatu walitaka kusimama. Bazilio ndiye aliyesema twende. Mkewe alisema hivi, neno kwa neno:

"Nishusheni. Hapa ni tambarare, nitatembea mwenyewe."