Maua Niliyoyapanda Kisiwani

Harufu ya tope la mto baada ya mafuriko haifanani na ya tope lingine lolote. Ina ubaridi ndani yake, kama chungu kipya ambacho hakijaonja moto, na kwetu ilichanganyika na uchungu wa mizizi iliyong'olewa, migomba iliyovunjika na samadi ya ng'ombe wa watu tusiowajua. Hapa Kagio, ninapokaa na cherehani yangu, ardhi ni kavu na harufu hiyo hunijia mara chache. Lakini ikija, naacha kushona. Narudi moja kwa moja Kisiwani, nina miaka minane, magoti yamejaa tope na kiondo cha mama nimekichukua jikoni bila ruhusa.

Kisiwani si jina la kwenye ramani. Ni mto tu, uliotoka msituni ukafika chini ya mteremko, mwendo wa miguu kutoka Ruring'u, Nyeri, ukagawanyika mikono miwili, ukazunguka kipande cha ardhi ambacho hata mtoto angekivuka kabla ya kuchoka, kisha mikono ikakutana tena. Mwalimu wetu mmoja aliyetoka magharibi alitutembelea akacheka, "Kumbe nyinyi ni watu wa kisiwani, mnakosa samaki tu," na jina likashika. Nyumba zilikuwa saba. Waliozijenga ni wale waliotoka vijiji walimofungiwa na wakoloni wakati wa Hali ya Hatari wakakuta ardhi imekwisha kugawanywa na wao hawana fungu. Wapimaji walikuwa wameandika pale neno moja, mto, na hakuna aliyeona haja ya kumfukuza mtu ndani ya mto.

Taabu yetu ni kwamba mto huo ndio uliokuwa mpaka wa kata ndogo mbili, ya juu na ya chini, nasi tulikuwa tukiishi ndani ya mpaka wenyewe. Mama akimpeleka mdogo wangu kudungwa sindano kliniki ya juu, nesi anamwuliza, "Kwani kwenu hakuna kliniki?" Akivuka daraja la magogo kwenda ya chini, karani anamwambia jina lake lazima liwe kule juu. Ng'ombe wetu alikuwa na kupe kwa sababu kila josho lilimjua kama ng'ombe wa josho lingine. Barua za baba kutoka Nanyuki zilikaa kwenye duka moja au lingine mpaka mtu atuonee huruma. Tulizoea. Miaka hiyo ilikuwa ya kwanza kwanza ya Uhuru, kila mtu alikuwa na tumaini, nami nilikuwa na zaidi ya fungu langu. Nilikuwa nikikaa juu ya jiwe na kupanga: hapa itakuwa posta, hapa hospitali, hapa mfereji wa maji.

Jirani yetu mkubwa alikuwa Cucu Wanja. Hakuwa nyanya yangu wa damu, lakini ndiye aliyenilea mama alipokwenda kuchuma kahawa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na goti lake moja halikukunjika. Kila asubuhi aliteremka ukingoni kwa matako, polepole kama mtoto, akajaza debe nusu, akapanda akivuta mizizi ya miti. Mara mbili nilimwona akianguka na maji yote kumwagika. Mara zote mbili alicheka akasema mto umekuja kuchukua chake.

Mvua ndefu za mwaka ule zilileta mafuriko, na maji yalipopungua, nilikuta kwenye mchanga wa ncha ya juu rundo la mizizi minene kama vitunguu vikubwa, bado ina majani mapana. Mto ulikuwa umeing'oa mahali fulani huko juu. Niliijua ni ya maua kwa sababu nilikuwa nimeyaona mbele ya nyumba ya mkubwa mmoja kule Kiganjo, yamepangwa kando ya njia, nikaona hiyo ndiyo fahari yenyewe. Nikajaza kiondo. Siku tatu nilipanda, mzizi baada ya mzizi, kufuata kinjia kilichokata katikati ya kisiwa kutoka ncha ya juu hadi ncha ya chini na kupita mbele ya mlango wa Cucu Wanja. Nilitaka pande mbili, lakini mizizi ilitosha upande mmoja tu.

Sasa niseme jambo ambalo kila mtoto wa Nyeri mwenye shamba kwao alilijua. Mimea ile ni matoka. Wazee huchinja mbuzi na kuyapanda mstari kuonyesha mwisho wa shamba la huyu na mwanzo wa shamba la yule, na yakishapandwa hakuna anayeyagusa. Sisi wa Kisiwani hatukuwa na mpaka na mtu yeyote, kwa hivyo hakuna aliyewahi kunifundisha. Na kila mtu mzima aliyeyaona yakichipua alidhani mtu mzima mwingine ndiye aliyeyapanda, kwa sababu yake, akanyamaza.

Mwaka uliofuata, katika baridi ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa umekaa juu ya mto mchana kutwa, watu wa juu walikuja wakichimba mtaro wa paipu. Ilikuwa kazi ya harambee, na kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ametukumbuka. Mfereji wenyewe, bomba lenye koki, ulikuwa usimame uani kwa Cucu Wanja, katikati ya nyumba zote. Yeye mwenyewe alikuwa ametoa kona na kuifagia. Mimi nilikuwa nikihesabu majembe kutoka kwenye jiwe langu. Mtaro ulivuka mto, ukapanda, ukafika kwenye maua yangu, na hapo majembe yakasimama.

Wazee wa chini walikuwa wamekuja kuona nani anachimba. Fundi wa paipu, mtu mrefu mpole kutoka Kisumu, alifuta jasho. "Wazee, mimi niko na paipu, niko na jembe, niko na watu. Niambieni tu, nipite ama nisipite?"

"Upite uende wapi?" akasema Mzee Gathogo, mkubwa wa wazee wa chini. "Hapo ni kwetu. Ama hauoni matoka?"

Naibu wa chifu wa juu aliyatazama, akayafuata kwa macho kutoka maji hadi maji. Niliona uso wake ukilegea kama wa mtu aliyeondolewa mzigo. Watu wake hawakuwa wamefurahia kuchimbia watu ambao huenda si wao. "Kweli, ni mpaka," akasema. "Yalipandwa lini?"

"Na babu yangu," akasema Mzee Gathogo. "Nilikuwa mdogo hivi. Ni mimi nilishika kamba ya mbuzi wa kuchinjwa. Nikaona kwa haya macho."

Nilishuka kwenye jiwe. "Ni mimi niliyapanda," nikasema.

Wakacheka wote, juu na chini pamoja. "Ati yeye ndiye babu yangu," akasema Mzee Gathogo. "Guka, umerudi lini? Huko ulikokwenda wanakula nini?"

Cucu Wanja alisema kutoka mlangoni kwamba mwaka juzi alipita pale na hakukwaa kitu chochote. Mmoja akamjibu, si kwa ubaya, "Na leo unaona nini, cucu?" Mama alinivuta mpaka nyuma ya nyumba. Nikamwambia kwamba sisemi uongo. "Najua," akasema. "Nakuamini. Ndiyo sababu nakwambia unyamaze." Tuliporudi walikuwa wamekwisha kuapa juu ya mpaka huo na kusalimiana kwa mikono. Nyumba nne zilikuwa za juu, yetu ikiwa mojawapo, na tatu za chini. Cucu Wanja alikuwa wa chini. Aliambiwa kata yake itamletea maji mwaka ujao.

Kesho yake kulipopambazuka nilichukua panga nikaenda kuyang'oa. Nilikuwa nimeupiga mzizi wa kwanza mara mbili hivi niliposikia mlango.

"Nani analima kwangu bila kuniamkua?"

"Ni mimi, cucu. Nayatoa, maji yakufikie."

Alikuja akipapasa hewa mpaka akanishika kifundo cha mkono. "Ni wewe kweli uliyapanda?"

"Ni mimi."

"Ya nini?"

"Nilitaka njia yako iwe na maua."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye umande, na bado hakuuachilia mkono wangu. Kisha akasema polepole, "Basi yaache. Jana wazee wameapa mbele ya watu. Ukiyang'oa leo, utakuwa msichana aliyeng'oa mpaka. Hakuna nyumba itakayokupa hata kaa la moto. Mimi nimebakiza siku za kwenda mtoni zinazohesabika. Wewe bado." Akachukua panga, akalishindilia udongo lile shimo kwa kiganja.

Mfereji ukasimama hatua ishirini kutoka mlangoni kwake, na kufuli. Mwanamke mwenye ufunguo alihesabu madebe ya kila nyumba, na siku nilipojaza la ziada aliniuliza ni la nani, akalimwaga bila hasira. Kwa hivyo nilimtekea Cucu mtoni kabla ya shule, na siku nilizokawia shuleni aliteremka mwenyewe. Maua yalipochanua aliniuliza yana rangi gani. Nikamwambia ni meupe, yana mistari ya waridi. "Basi njia yangu ina maua," akasema. Maji ya mwaka ujao hayakuja. Goti lilipokataa kabisa, binti yake alimleta huku Kagio, akafia huku, nami nilikuwa darasa la saba, darasa langu la mwisho.

Sasa nina mfereji nje ya chumba changu na hauna kufuli. Bado napangapanga mambo, sikuacha. Mwezi uliopita nilikwenda kuona Kisiwani. Paipu imekauka siku nyingi, koki imeng'olewa, na wote wa juu na wa chini wanateka mtoni. Matoka yamenenepa, yameshikana kama ukuta. Watoto wa juu wanasoma shule yao na wa chini yao, na kila kundi lina jina baya la kuwaita wenzao. Nilipotaka kuvuka kwenda ilipokuwa nyumba ya Cucu Wanja, msichana mdogo mwenye debe alinizuia kwa heshima.

"Usikanyage hapo, auntie. Huo ni mpaka. Ulipandwa na wazee wa zamani sana."

Nilimtazama, na debe lake nusu. Nikamwambia asante, nikazunguka kwa kando ya maji.