Mshipa Uliojikaza Alfajiri

Mbukwenyi, ndugu zangu. Mimi ni bibi wa hapa Hombolo, mwenye shamba la zabibu upande wa bwawani. Shule niliiacha mapema nikachunge mbuzi, lakini kazi naijua. Mizabibu yangu naipogoa mwenyewe, na wajukuu wangu ukiwapanga mstari, mwisho wake huuoni. Kuumwa nilikuwa sikujui. Homa ikija, naifukuza kwa uji wa uwele na jua.

Na nilikuwa mtu wa ugoro. Sisi wanawake wa Kigogo hatuoni haya kwa hilo. Mgeni akifika unamtolea kopo, mnanusa, ndipo mazungumzo yanaanza. Mwenzangu Mama Mbeleje na mimi tumenusa pamoja tangu tukiwa wake wapya. Kichwa kikiuma, ugoro. Mafua, ugoro. Msiba, ugoro.

Ugonjwa ulianza wakati wa baridi, ule upepo unaopita chini ya mlango. Ilikuwa alfajiri, nimelala tu, sijainua hata ndoo. Kifua kikakamatwa. Sisemi kuchomwa, nasema kukamatwa, kama ng'ombe amenilalia hapa katikati akakataa kuinuka. Maumivu yakapanda kwenye taya, yakashuka mkono wa kushoto mpaka vidole vikafa ganzi. Jasho la baridi likalowesha shuka. Nikataka kumwita Yudithi, mke wa mwanangu tunayeishi naye. Sauti haikutoka. Nikasema moyoni, basi, nakufa na mdomo wazi.

Kisha kile kitu kikaachia. Jua lilipotoka nilikuwa shambani, nikajiona mjinga.

Kikarudi. Kikarudi tena, kila mara alfajiri, kila mara nimetulia. Hapo ndipo hofu iliponiingia. Nikilima, hakuna kitu. Nikibeba kuni, hakuna kitu. Nikilala, kinanijia kama mwizi anayejua mlango. Nikaanza kukiogopa kitanda changu. Nikawa nakaa kwenye kigoda nimejifunika blanketi, nasubiri kuche.

Mama Mbeleje akaniambia, "We mwanamke, hicho kifua kimeziba. Nusa sawasawa kifunguke." Nikanusa. Kadiri kilivyobana ndivyo nilivyonusa.

Zahanati wakasema ni gesi, wakanipa dawa ya tumbo. Hospitali nyingine wakanibandika waya kifuani mchana, sina maumivu yoyote. "Moyo wako mzuri, bibi. Unavuta sigara?"

"Mimi? Nivute sigara kama kondakta?"

Wakacheka, nikarudi nyumbani.

"Mama," Yudithi akaniambia, "watu wanasema umerogwa."

"Aniroge nani, anataka kunirithi majembe?" Nilimjibu hivyo kwa mdomo. Usiku nikasogeza kigoda karibu na mlango wake.

Asubuhi moja kilinikaba, nikaona giza. Yudithi alinikuta sakafuni. Nilipozinduka alikuwa amenipakata analia, "Mama, usinifanyie hivi! Mama!" Wakanipeleka mjini Dodoma, nikalazwa.

Alfajiri iliyofuata, wodini, nikakisikia kinakuja. Niliogopa jamani. Nikafungua pindo la khanga, nikanusa ugoro wangu kwa haraka. Kikanikaba kuliko siku zote. Mgonjwa wa kitanda cha pili akapiga kelele. Nesi akaja mbio na mashine, akanibandika waya pale pale nikiwa nagugumia. Daktari aliyemfuata alikuwa binti mdogo, umri wa mjukuu wangu. Akatazama karatasi iliyotoka kwenye mashine, uso ukambadilika.

"Fungua mdomo, bibi. Weka chini ya ulimi, usimeze."

Kidonge kidogo kama punje ya uwele. Kikayeyuka, na ng'ombe akainuka kifuani. Akanipima tena, mistari ikawa imetulia. Ndipo akaniangalia puani.

"Bibi, hiki nini?"

"Ugoro, mjukuu wangu. Dawa ya kifua."

"Mbona hukusema?"

"Mliniuliza sigara. Sigara sivuti."

Akakaa kitandani kwangu, akashika kichwa.

Baadaye walinipitisha mrija mwembamba kwenye mkono mpaka kwenye moyo. Nilifumba macho nikiomba Mungu wakati wote. Daktari akanieleza: "Mishipa yako haijaziba. Inajikaza yenyewe, hivi." Akakunja ngumi. "Ikijikaza damu haipiti. Mapigo yanavurugika, ndiyo maana ulianguka. Baridi huikaza. Hofu huikaza. Tumbaku huikaza, hata ya kunusa."

"Nikiacha nitapona?"

"Utameza vidonge vya kuilegeza kila siku. Ukiacha ugoro, una nafasi nzuri. Usipoacha, bibi, sijui kama nitakuona tena."

Alisema taratibu, hakunitisha. Ndiyo maana nilitishika.

Niliporudi nyumbani Mama Mbeleje alinifuata na kopo. Nikalirudisha.

"Ehe! Umekuwa mlokole?"

"Nimekuwa mwoga."

Akavuta mdomo, akaondoka. Siku nyingi hakukanyaga kwangu, na niliumia, maana kukataa kopo la mwenzio ni kama kumkataa yeye. Halafu akaja, akakaa mbali, upande upepo unakokwenda, akanusa huko huko. "Nisikuue," akasema. Tukapiga soga.

Bado naogopa, siwadanganyi. Baridi iliyopita kilinijia tena mara moja. Nikakaa chini sakafuni nisianguke, nikaweka kidonge chini ya ulimi, nikamwita Yudithi. Safari hii sauti ilitoka.

Namshukuru Mungu, na Yudithi, na yule binti. Ninyi mnaonisoma, kifua kikiwakamata mmetulia, msiseme gesi. Kimbilieni hospitali kikiwa bado kinauma. Kikishaachia, mashine inaweza isione kitu. Daktari akiuliza sigara, mwambieni na ugoro, na tumbaku ya kutafuna, na chochote mnachoita dawa. Na wengine wenu mnaonicheka kwamba nimeogopa kopo, wahenga walishasema kwa mwoga huenda kicheko. Basi nichekeni. Niko hapa, nawasikia.