Aliyetengeneza Ndiye Akabidhi

Siku ile bado naikumbuka, mjukuu wangu Rehema, na imenirudia kwa sababu yako. Tangu jana uliponisimulia mambo ya kazini kwako, sikai nikatulia.

Nilikuwa msichana, shule nimeishia darasa la nne, najifunza kutengeneza redio kwa Fundi Shabani, hapa hapa Kariakoo, nyuma ya soko. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kwenye kuunga nyaya. Sharti lake lilikuwa moja: nikae nyuma ya pazia. Redio ikipona anaichukua yeye, anaiwasha mbele ya mteja, anasifiwa yeye. Mteja akijua imeshikwa na mtoto wa kike, alisema, hataacha redio yake hapa. Mimi niliona sawa tu. Si kazi nimepata?

Siku hiyo bibi yangu, Bi Tausi, akaja kuchukua redio ya jirani niliyokuwa nimeitengeneza. Nikamsikia.

"Fundi, ilikuwa na nini?"

"Aa, kitu kidogo tu, mama. Imepona."

"Hicho kidogo hakina jina?"

Shabani akageuka kutazama pazia. Wateja wakaanza kucheka.

"Toka huko, wewe!" Bibi akaniita. "Umeiba kitu cha mtu hata ujifiche?"

Nikatoka, jasho linanitiririka, nikasema waya wa spika ulikuwa umekatika. Mwanamume mmoja akabeba redio yake.

"Yangu naondoka nayo. Hapa ni kwa fundi au kwa msusi?"

Njiani nilidhani Bibi atamsema Shabani. Akanisema mimi. "Pazia kaliweka yeye. Lakini kila asubuhi anayelivuta ni nani?"

Kesho yake sikulivuta. Shabani akafoka, akanuna wiki nzima, na wateja wengine walitukimbia kweli, sikudanganyi. Waliobaki wakazoea kuniuliza mimi.

Sasa wewe. Chuo umemaliza, unatengeneza simu za watu huko ghorofani, halafu unampa yule kijana anayepokea wateja chini ashuke nazo, amwambie mteja, "Nimekutengenezea." Nikikuuliza, unanijibu, "Bibi, ndivyo kazi zinavyoenda mjini." Mji gani huo nisioujua mimi? Na wiki hii tajiri wenu anachagua mkuu wa mafundi. Atamchagua anayejulikana na wateja. Wewe wanakujua?

Basi sikiliza, sitarudia. Simu uliyoitengeneza, shuka nayo mwenyewe. Mtazame mteja usoni, mwambie ilikuwa na nini na umefanya nini. Akiuliza fundi yuko wapi, usichekecheke, mwambie, "Ni mimi." Atakayeondoka aondoke, usimkimbilie. Na msichana atakayekuja kujifunza kwako, mkalishe pale watu wanapomwona. Huo ukuu unaweza usiupate, siwezi kukuahidi. Ila atakayekunyima awe anajua kamnyima nani.

Mungu akutie nguvu mikononi, akufungue mdomo, na jasho lako lisije likaitwa kwa jina la mtu mwingine. Amina.