Ukuta Uliooshwa

Hospitalini walimwita Mama Usafi, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Alikuwa mfagiaji wa wodi ya watoto, mwanamke mfupi, mkali kama pilipili, na hata madaktari walijipangusa viatu mlangoni wakimwona ameshika mopu. "Uchafu hauna cheo," alikuwa akisema.

Ukuta wa mwisho wa wodi ile ulichorwa na kaka yake, ambaye sasa ni marehemu. Alichora mwanamke akiwasimulia watoto hadithi, na sura aliyompa ilikuwa ya mama yao. Picha nyingine ya mama hawakuwa nayo. Mama alikufa bila kupigwa picha hata moja. Kisha akaja mkuu mpya wa hospitali, mtu wa kupenda weupe, akaamuru kuta zote zipakwe chokaa. Kaka mtu alinyamaza. Mama Usafi hakunyamaza, lakini kelele za mfagiaji nani azisikie? Miaka ikapita, na sura ya mama ikaanza kumtoka. Akifumba macho aliona kitambaa cha kichwa tu, uso hauji.

Basi wodi ikapangwa kubomolewa. Ndipo walipokuja watu wa chuo kikuu na leza yao, wakitafuta ukuta wa kufanyia majaribio, na Mama Usafi akawaonyesha ule wa kaka yake. Mhandisi wao, binti mpole, alimweleza kwamba mashine hutoa miale ya terahezi, isiyoonekana kwa macho. Inapenya chokaa, inagonga rangi iliyo chini, inarudi na habari za kila tabaka. Kompyuta inazikusanya nukta kwa nukta mpaka picha inajitokeza.

"Kwa hiyo mama atatoka?"

"Atatoka, mama. Ila taratibu. Leo tunaanza na pembeni."

Na kweli, jioni ile kwenye skrini likatokea bega, halafu shingo. Mama Usafi akajishika mdomo. Bega lile alilijua; utoto wake wote alililalia.

"Kesho asubuhi tunamalizia uso," binti akasema. "Kesho kutwa wabomoaji wanaingia."

Asubuhi Mama Usafi alifika kazini kabla ya wote. Wageni wanakuja, mama anatoka. Atokeje kwenye ukuta wenye vumbi na utando wa buibui? Akachota maji ndoo kwa ndoo, akasugua kwa sabuni kutoka juu hadi chini, akasuuza, akasugua tena. Chokaa kuukuu ikayanywa yote.

Mashine ilipowashwa, skrini ilijaa giza. Binti akahangaika na nyaya, akasogeza leza, mwisho akagusa ukuta kwa kiganja.

"Nani amelowesha huu ukuta?"

"Nimeuosha mimi, mwanangu," Mama Usafi akajibu kwa fahari. "Mtamwangaliaje mama kwenye uchafu?"

Binti akainamisha kichwa. Ikambidi aseme: miale hii hupenya chokaa, mbao na plastiki, lakini maji huimeza. Na ukuta mnene namna ile ungehitaji siku nyingi kukauka. Wakaleta feni za wodi zote. Wakampigia mkandarasi, naye akasema mkataba ni mkataba. Feni zikavuma kutwa nzima, skrini ikabaki giza.

Mumewe alipokuja kumchukua, akamshika mkono. "Maji yakimwagika hayazoleki, mke wangu."

Kati ya methali zote duniani, bwana yule akachagua hiyo! Miaka yote Mama Usafi alikuwa amemchukia mkuu wa hospitali, na chuki ile ilimpa nguvu. Sasa hakuwa na wa kumchukia ila mikono yake mwenyewe.

Ukuta ukaangushwa. Msimamizi akamwita akafagie. Mama Usafi akapiga magoti kwenye kifusi, akawa anageuza kipande kimoja kimoja. Pale kilipovunjika, kati ya chokaa na plasta, palikuwa na mstari wa kahawia, mwembamba kama uzi. Shavu la mama, au kiti tu, hakuweza kujua.

"Mama, lori linasubiri!" msimamizi akaita.

Akakirudisha chini kile kipande, akafagia.