Minyaa ya Nyakunguru

Ogada alikuwa mchora mabango wa Turwa, pale Tarime mjini. Ukiona bucha lenye kichwa cha ng'ombe mlangoni, au saluni yenye mwanamke wa shingo ndefu, basi mkono ni wake. Ufundi aliupata kwa mjomba wake Kisumu, na kazi yoyote aliifanya bila kununa. Lakini kazi ya Magige ilimtia kinyaa tangu siku ya kwanza, na mimi simlaumu.

Magige huyu juzijuzi tu alikuwa akichimba pekupeku Nyakunguru kama wenzake. Dhahabu ikamwangukia. Ghafla akawa na nyumba ya vigae, meno mawili ya dhahabu, na sebuleni meza ndefu kama ya harusi. Juu ya meza hiyo ilizunguka treni ndogo ya umeme aliyoinunua Nairobi. Reli yenyewe haijawahi kufika Tarime, na Magige hajapanda treni hata siku moja! Jenereta lilinguruma nje, moshi ukaingia dirishani, na kando ya stesheni ndogo ya bati, pale mezani, palikuwa na mifupa ya mbuzi wa jana, nzi wamejaa.

"Ukuta huu nataka uwe Nyakunguru," Magige alisema. "Treni ikipita, mtu aone inapita kwenye pori langu. Uchore kama palivyo."

Pori lake! Hilo pori lilikuwa boma la Bibi Mokami, mjane. Bibi alikwenda Nyambureti kumuuguza binti yake miezi mitatu, na huku nyuma Magige akaingia na watu, akabomoa nyumba mbili, akachimba mpaka uani. Bibi aliporudi akaambiwa hapo hapakuwahi kukaa mtu, naye akatundika turubai palepale. Karatasi hana, na majirani wameshalishwa wakashiba. Jumamosi wazee wa ritongo, kikao kinachoamua mashauri ya ukoo, wangesema kama palikuwa pori au nyumbani kwa mtu. Pakiwa pori, ni pa aliyefyeka, na Bibi Mokami aende zake na turubai lake. Magige alikuwa amewaalika wazee hao wale kwake kwanza, wautazame na ukuta.

Ogada akaenda Nyakunguru na daftari lake. Shimo lilinuka matope na mavi ya watu. Bibi Mokami alikuwa ameketi mbele ya turubai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mchoraji. Nimetumwa na Magige."

Bibi akatema mate pembeni. "Basi chora," akasema, na hakumtazama tena.

Ogada alirudi mjini akiwa na mchoro wa mlima, wa shimo, na wa uzio wa zamani wa minyaa uliolizunguka boma, mashina manene kama paja. Akaanza kazi. Kwenye kona ya sebule akakunja hadibodi ili anga lisiwe na kona. Bluu akaipunguza kwa nyeupe kila alipokaribia ardhi. Milima ya mbali akaichanganyia majivu kidogo, maana ndivyo jicho linavyoiona. Uzio hakuuchora. Aliambiwa pori, akachora pori, maana watoto hawali kinyaa cha baba yao. Lakini kila alipoosha brashi aliuchukia mkono wake mwenyewe.

Ijumaa Magige akaja kukagua.

"Mbona milima imepauka? Umenipakia chokaa!"

"Milima ya mbali huwa hivyo, bosi."

"Mimi nataka kijani. Hapa, karibu na reli. Kijani chenyewe!"

"Karibu na pale kijani kipo kimoja tu, bosi."

"Weka hicho hicho! Nilisema kama palivyo!"

Ogada angeweza kumtajia kijani hicho ni kipi. Akakoroga rangi. Alipanda minyaa kwa brashi, shina baada ya shina, mstari mmoja ulionyooka, na katikati akaacha nafasi ya lango. Magige akapiga makofi, macho yake yakiifuata treni. Uzio ule alikuwa akiupita kila siku, na alishauzoea kama mtu anavyozoea chawa wake.

Jumamosi wazee watatu wakaja, wakala, mafuta yakawatiririka mpaka kwenye viwiko. Ogada alisimama karibu na mlango. Mkubwa wao, Mzee Nchagwa, akainuka akitafuna, akausogelea ukuta.

"Hii ndiyo Nyakunguru?"

"Yenyewe, mzee! Kama palivyo."

"Na minyaa hii ulipanda wewe?"

"Aa, mimi niliikuta."

Nchagwa akaufuata mstari wa mashina kwa kidole, treni ikipita chini yake.

"Uliikuta," Nchagwa akasema taratibu. "Porini."

Hakuna Mkurya asiyejua kwamba minyaa haijipandi kwa mstari; palipo na uzio wake palikaa mtu. Magige akamgeukia Ogada, jasho likimtoka. "Huyu Mjaluo ameongeza! Sema, fundi! Si umeongeza urembo tu? Sema, na mabango ya maduka yangu yote ni yako!"

Ogada aliyaangalia yale meno ya dhahabu, yamenasa uzi wa nyama, na woga wote aliokuwa nao ukageuka kichefuchefu.

"Sikuongeza, mzee," alimwambia Nchagwa. "Nimepunguza. Kuna mashina mengi kuliko hayo. Na ndani ya uzio kuna bibi, analala chini ya turubai. Hilo nililiacha, na najionea aibu."

Mzee Nchagwa akaacha kutafuna. Akaitema nyama kiganjani, akaiweka juu ya reli. Treni ikaja, ikaigonga, ikalala ubavu, magurudumu yakizunguka bure.

"Naweni mikono," akawaambia wenzake. "Tunakwenda kumwamkia mwenye boma."